Marehemu na Aliyemwua kwenye Benchi Moja



Wale waliofuata kipindi chetu cha Jumatano jioni wanakumbuka kwamba niligusia filme moja, na dakika zikaisha kabla sijafika mwisho wake. Tangu siku ile simu haikunyamaza. Mama mmoja alisema: "Pasta, ulituacha kwenye mlango wa kanisa. Ndani kulitokea nini?" Na mzee mmoja wa kanisa, ambaye namheshimu sana, aliuliza kama inafaa mchungaji kuleta mambo ya sinema kwenye redio ya Mungu. Nitawajibu wote wawili hapa, maana karatasi ina nafasi kuliko redio, na jambo lenyewe linahusu Meza ya Bwana, ambayo tutaikaribia Jumapili ya kwanza ya mwezi.

Nianze na mzee wangu. Nabii Natani alipotumwa kwa Daudi baada ya ile dhambi ya Uria, hakuanza kwa kumsomea sheria. Alimsimulia habari ya maskini na mwana-kondoo wake mmoja. Mfalme akakasirika kwa ajili ya kondoo asiyekuwako, na kwa njia hiyo akajiona mwenyewe (2 Samweli 12). Hadithi inaweza kuingia mahali ambapo mahubiri yamefungiwa mlango. Sisemi filme zote. Zile za risasi na uchawi zinazochezwa usiku kucha kwenye vibanda vya video sitazitetea, na vijana wanajua ninavyoziongelea. Hii ni nyingine.

Kwa Kifaransa inaitwa Les Saisons du cœur, yaani majira ya moyo. Jina lake la Kiingereza ni Places in the Heart. Ilitoka mwaka 1984. Aliyeiandika na kuiongoza ni Robert Benton, Mmarekani wa Texas aliyezaliwa mwaka 1932, ambaye alirudi kuitengenezea katika mji wa Waxahachie, alikokulia, akichota katika habari za watu wa ukoo wake. Sally Field, anayecheza nafasi ya mjane, alipata tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo, na Benton akapata ya uandishi.

Mimi niliiona mara ya kwanza nikiwa mwanafunzi kwenye institi ya Biblia. Mwalimu mgeni aliyekuja kutufundisha namna ya kuwachunga wafiwa alitundika shuka jeupe ukutani, akawasha gurupu, akatuambia tusiandike kitu chochote. Nilidhani nitasinzia.

Habari yenyewe ni hii. Ni mwaka 1935, siku ya Jumapili, wakati wa chakula cha mchana. Mji mzima umetoka kanisani, na katika kila nyumba, ya tajiri na ya maskini, ya weupe na ya weusi, watu wanashukuru kwa ajili ya chakula. Royce Spalding, mkuu wa polisi wa mji, yuko mezani na mke wake Edna na watoto wao wawili. Wanakuja kumwita. Kijana mmoja mweusi, jina lake Wylie, amelewa na anachezea bastola kwenye njia ya reli. Royce anaacha sahani yake, anakwenda. Hakuna ugomvi kati yao. Wanajuana. Wylie anacheka, anafyatua tena akidhani risasi zimekwisha, na Royce anaanguka. Kijana mwenyewe anashangaa kuona alichofanya.

Wanamleta Royce nyumbani na kumlaza juu ya meza ya chakula, ile ile aliyotoka kuiacha. Edna na dada yake Margaret wanamwosha hapo. Akina mama mliowahi kuosha maiti ya mtu wenu mnaijua kazi hiyo, sina haja ya kuieleza. Na kabla ya jua kuzama, wazungu wa mji wamekwisha kumwua Wylie. Wanaufunga mwili wake nyuma ya gari, wanauburuta barabarani, na kusimama mbele ya nyumba ya mjane ili aone kwamba "wamemlipia kisasi". Edna hakuwaomba. Hakuna aliyemwuliza.

Hapa nisimame kidogo, maana vijana wetu wanaweza kudhani hayo ni chumvi ya sinema. Si chumvi. Katika Marekani ya miaka ile, hasa majimbo ya kusini, watu weusi wengi waliuawa na makundi ya raia bila kesi wala hakimu, mara nyingine watu wakitazama kama wako sokoni. Sheria ya taifa lote iliyoutaja uovu huo kwa jina lake kama kosa ilitiwa sahihi mwaka 2022 tu, baada ya zaidi ya miaka 100 ya watu kuiomba na kukataliwa. Lakini tusiwanyoshee Wamarekani kidole haraka. Mtu anayepigiwa kelele za "mwizi" katika kartiye zetu na kuvalishwa tairi, anahukumiwa na mahakama gani? Na kati ya wanaotazama, ni wangapi watakaoonekana kwaya siku ya Jumapili?

Sehemu kubwa ya filme ni maisha ya mjane baada ya hapo, nami nitaipita kwa haraka. Benki inadai deni la shamba. Bei ya pamba imeanguka. Mtu wa benki anamshauri auze nyumba na kuwagawa watoto kwa ndugu. Halafu, kana kwamba anamsaidia, anamletea shemeji yake kipofu, Bwana Will, aliyepoteza macho vitani, awe mpangaji. Mtu mweusi aitwaye Moze anafika mlangoni akiomba kazi, anapewa chakula, na usiku anaiba vijiko vya fedha. Polisi wanapomrudisha, Edna anawaambia kwamba ni mfanyakazi wake. Mwizi huyo ndiye anayemfundisha kulima pamba. Kimbunga kinapita juu ya mji. Wanavuna mpaka vidole vinatoka damu, na pamba ya Edna inakuwa ya kwanza kufika sokoni mwaka ule, kwa hiyo anapata zawadi ya pesa na shamba linaokoka kwa msimu mmoja. Ungedhani sasa ni furaha. Lakini usiku wanakuja watu waliojifunika vitambaa vyeupe, wale wa Ku Klux Klan, wanampiga Moze. Bwana Will kipofu anatoka na bastola ya marehemu Royce, anawataja mmoja mmoja kwa sauti zao, kwa maana ni watu anaowajua, na wanaondoka. Moze anaachia familia zawadi ndogo na kwenda zake. Hawezi kukaa tena mji ule.

Kwa hiyo mtazamaji anafika mwisho akiwa na huzuni. Shamba lipo lakini mume hayupo, na rafiki amefukuzwa. Hakuna hata mtu mmoja tuliyemwona akitubu kwa ajili ya Wylie.

Ndipo tunaingia kanisani. Ni Jumapili tena. Mhubiri anasoma 1 Wakorintho 13, sura ya upendo. Wakati anasoma, Margaret, ambaye mume wake alikuwa amezini na mke wa rafiki yao, anaushika mkono wa mume huyo bila neno. Kisha Meza ya Bwana inaanza. Kwao mkate na vikombe vidogo vinapita kwenye mabenchi, mtu anapokea kutoka kwa jirani, anashiriki, anampa anayefuata na kumtakia amani ya Mungu. Kamera inafuata polepole. Mwanzoni huoni kitu cha ajabu. Halafu unaona mtu uliyedhani hayupo. Unaona yule wa benki. Unaona Moze, aliyefukuzwa, ameketi ndani ya kanisa la weupe kana kwamba hajawahi kuondoka. Kinafika kwa Bwana Will, kwa watoto, kwa Edna. Edna anakunywa na kugeuka kumpa aliye pembeni yake. Aliye pembeni yake ni Royce.

Mume wake. Amevaa vizuri, hana jeraha. Anapokea, anashiriki, na yeye pia anageuka. Aliye pembeni yake ni Wylie. Royce anampa kikombe kijana aliyemwua na kumtakia amani ya Mungu, kijana anampa neno lile lile, na wote wawili wanatazama mbele. Filme imekwisha.

Kwenye darasa letu hakuna aliyezungumza. Gurupu ilikuwa inanguruma nje. Ndugu mmoja kutoka Maniema, mtu mgumu aliyekuwa askari zamani, aliinama na kuweka uso katika mikono.

Halafu mabishano yakaanza, maana sisi ni Wapentekoste, hatukai kimya muda mrefu. Mmoja alisema: hii ni ibada ya wafu, wazimu wa mababu umeingizwa kanisani kwa mlango wa nyuma. Mwingine alisema ni ndoto ya mjane. Wa tatu akasema ni mbinguni. Hoja ya yule wa kwanza ninaichukua kwa uzito, kwa sababu katika nchi yetu wapo wanaowaita wafu usiku na kuwatilia pombe kaburini, na Neno la Mungu linakataza jambo hilo waziwazi (Kumbukumbu la Torati 18). Lakini angalieni vizuri. Edna hamwiti Royce. Hamwombi kitu. Hamwulizi siri ya kaburini. Wanaokutana pale wameitwa na mwenye Meza, kila mmoja anapokea kile kile, na hakuna anayemtazama marehemu kana kwamba yeye ndiye bwana wa karamu. Hiyo si mizimu. Hiyo ni Isaya 25, karamu ambayo Bwana anawaandalia mataifa yote juu ya mlima, anapoimeza mauti na kufuta machozi. Ni Mathayo 8:11, watu kutoka mashariki na magharibi wakiketi pamoja na Ibrahimu. Paulo naye anatufundisha kwamba kila tunapokula mkate na kunywa kikombe tunaitangaza mauti ya Bwana hata ajapo (1 Wakorintho 11:26). Hayo maneno mawili ya mwisho tunayapita mbio kila mwezi. Meza inaangalia nyuma, msalabani, na inaangalia mbele, kwenye siku ambayo hatujaiona. Benton alichukua kamera na kuonyesha, kwa dakika chache, upande ule wa mbele.

Miaka mingi baadaye niliiona tena, na safari hii niliona kitu ambacho mwalimu hakutuambia. Meza ni tatu. Ya kwanza ni ya chakula, ambako Royce aliacha sahani. Ya pili ni ile ile, ambako wanamwosha. Ya tatu ni ya Bwana, ambako amerudi kuketi. Chakula kilichokatizwa Jumapili ile kinaendelea. Na kijana aliyekikatiza amealikwa.

Jambo jingine ni hili. Tafuteni katika filme yote mahali ambapo Edna anasema kwa kinywa chake kwamba amemsamehe Wylie. Mimi sikupaona. Analia, anafua, analima, anahesabu pesa, anachapa mtoto na kujuta, anaamka. Kati ya kifo na Meza kuna msimu mzima wa pamba, kupanda, kupalilia, kuvuna. Hakuna mchungaji aliyemsimamisha siku ya tatu na kumwambia aseme.

Hapo ndipo ninapaswa kuungama jambo langu mwenyewe. Dada wawili wanaohusika wameniruhusu kulisimulia, bila majina.

Miaka kadhaa iliyopita, mume wa mshirika wetu mmoja aligongwa na pikipiki jioni, akitoka kazini. Motari alikuwa kijana wa kartiye yetu na alikuwa amekunywa kanyanga. Baba yule alifariki kabla ya kufika hospitali. Watu walikusanyika, wakachoma pikipiki, wakamtafuta kijana nao wamekwisha kushika mafuta. Mwenye duka mmoja alimficha kwenye depo yake nyuma ya mifuko ya unga, na usiku ule kijana akatoroka. Mpaka leo hajarudi. Mama yake naye ni mshirika wetu.

Siku ya tatu ya kilio nilisimama chini ya shitingi, watu wamejaa mpaka barabarani. Nilihubiri juu ya msamaha, na nilihubiri vizuri, Mungu anisamehe. Kisha nikamwita mama wa kijana mbele. Nikamwita mjane. Nikamwambia mjane atamke mbele ya watu wote kwamba amesamehe. Akatamka. Wakakumbatiana, kwaya ikaimba, watu wakapiga vigelegele, na mimi nikarudi nyumbani nikala bugali na sombe kwa moyo mweupe, nikiwaza kwamba Bwana amenitumia.

Baada ya hapo, Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, mjane alianza kutoka kabla ya Meza. Mara mtoto ana homa, mara ana mgeni nyumbani. Mama wa kijana alibaki ndani, lakini shemasi alipofika kwake alitikisa kichwa. Ilichukua muda mrefu mimi kuona. Na nilipoona, mnajua nilifanya nini? Nilihubiri juu ya dhambi za siri zinazowazuia watu kukikaribia kikombe.

Kijana wetu wa kwanza ndiye aliyeleta filme ile nyumbani kwenye kle, bila kujua kwamba naijua. Tuliiangalia mimi na Mama Pasta, umeme ukikatika mara mbili. Ilipokwisha, Mama Pasta alikaa kimya, kisha akasema: "Baba, yule mama wa kwenye filme alipewa mwaka. Wewe mwenzake ulimpa siku tatu."

Sikulala vizuri.

Wapendwa, msinielewe vibaya. Kusamehe ni agizo la Bwana, na sala aliyotufundisha inatufunga sote. Lakini angalieni namna Maandiko yenyewe yanavyoliendea jambo hili. Yusufu hakuwakumbatia ndugu zake siku ya kwanza walipokuja kununua nafaka. Aliwajaribu, akatoka chumbani kwenda kulia, akanawa uso, akarudi. Alilia mara nyingi kabla ya kujitambulisha, na alilia tena miaka mingi baadaye, baba yao alipokwisha kuzikwa na ndugu zake wakaanza kumwogopa upya (Mwanzo 42 mpaka 50). Je, alikuwa hajasamehe? Alikuwa amesamehe, na bado alikuwa na machozi. Bwana Yesu mwenyewe alilia kwenye kaburi la Lazaro, naye alijua kwamba baada ya dakika chache atamwita atoke. Kama machozi yangekuwa ukosefu wa imani, tungesema nini juu yake?

Sisi tumechanganya vitu viwili. Tunapomwambia mfiwa "usilie, samehe", mara nyingi hatumtafutii yeye pumziko. Tunajitafutia sisi. Kilio chake kinatuchosha, hasira yake inatutisha, na tunataka kilio kiishe watu warudi makwao. Msamaha unageuka kuwa kifuniko cha sufuria. Ndani bado kunachemka.

Na tena, kusamehe hakumwambii aliyeumizwa kwamba hakuumizwa. Zakayo aliposamehewa alirudisha mali (Luka 19). Mamlaka ya kuhukumu imewekwa na Mungu (Warumi 13), na mfiwa anayepeleka kesi mahakamani si mpagani. Katika filme hakuna kesi yoyote kwa ajili ya Wylie, na mwisho ule mzuri hauifuti aibu hiyo. Kumweka Wylie kwenye benchi ni kumrudishia jina mtu aliyeburutwa kama mzoga. Ndiyo maana naona makosa wanaposema mwisho wa filme unahusu mzungu kumsamehe mweusi tu. Wote wawili waliuawa Jumapili ile. Mmoja kwa ulevi na mchezo, mwingine kwa chuki iliyojiita haki.

Nikitafuta mfano wake katika Biblia ninakwenda kwa Stefano. Alipopigwa mawe aliwaombea waliompiga (Matendo 7:60). Aliyelinda nguo zao alikuwa Sauli. Stefano alikufa bila kuona jibu la sala ile. Hakujua kwamba kijana yule wa nguo atapeleka Injili mpaka Rumi. Lakini leo wawili hao wako wapi? Jaribuni kuwaza benchi lao. Nani alimpa mwenzake kikombe?

Kuna jambo pia linalotuhusu sisi Wapentekoste, nami sitaki kulipita. Mwanzoni mwa mwaka 1906, katika jimbo lile lile la Texas, katika mji wa Houston, mtu mweusi aliyezaliwa na wazazi waliokuwa watumwa alitaka kusoma katika shule ya Biblia ya mhubiri mzungu, Charles Parham. Kwa sababu ya utaratibu wa kutenga rangi hakuruhusiwa kuketi na wanafunzi wengine. Alisikiliza masomo kutoka nje ya darasa, mlango ukiachwa wazi. Mtu huyo ni William Seymour. Miezi michache baadaye alikuwa Los Angeles, na katika mtaa wa Azusa Roho wa Mungu alishuka juu ya weusi na weupe waliopiga magoti pamoja, jambo ambalo magazeti ya mji yalilicheka. Haikuchukua miaka mingi weupe na weusi wakatengana tena, kila mmoja na kanisa lake. Kwa hiyo Moze anapoonekana kwenye benchi lile la Texas, mimi namwona pia mtu wetu wa Houston, ameondoka mlangoni na kuingia ndani. Na ninajiuliza juu ya makanisa yetu, ambako tunajua vizuri sana ni kabila gani linakaa upande gani, na ni nani hawezi kuwa shemasi kwa sababu ya kijiji cha baba yake.

Nirudi kwa dada zangu wawili.

Nilikwenda kwa mjane siku ya Jumanne, bila Biblia mkononi, maana nilijua nikiwa nayo nitaifungua. Alikuwa akipima makala kwenye sahani mbele ya nyumba. Nilimwambia: "Mama, siku ile ya kilio nilikukosea. Nilikunyang'anya kitu ambacho hakikuwa changu." Aliendelea kupanga makala. Kisha akasema: "Pasta, siku ile nilisema neno lako. Langu bado lilikuwa halijafika." Nilimwuliza kama limefika sasa. Akasema kuna asubuhi linafika na jioni limeondoka, na kwamba hatoki kanisani kwa sababu ya chuki. Anatoka kwa sababu alidanganya mbele ya Mungu na watu, na anaogopa kukinywea kikombe juu ya uongo ule. Uongo nilioutunga mimi.

Kwa mama wa kijana nilikwenda na Mama Pasta. Yeye alikuwa na jambo ambalo sikuwahi hata kuliwaza. Hajui kama mtoto wake yuko hai. Hawezi kuweka kilio kwa sababu hana maiti, na hata akipata habari ya kifo, nani katika kartiye atakuja kuketi chini ya shitingi yake? "Mama yule ana kaburi," alituambia. "Mimi nina simu ambayo hailii." Wakati tunawapa wafiwa pole, huyu tulimpita kila siku barabarani. Kwenye filme kuna watu weusi waliomlilia Wylie, na mimi nilipoiona mara ya kwanza sikuwatazama. Nilikuwa nikimtazama mjane tu.

Tangu mwaka jana wazee wa kanisa walikubali tujaribu namna ile ya kupitisha. Mashemasi wanaleta sahani kwenye mwanzo wa benchi, halafu washirika wanapeana mkono kwa mkono mpaka mwisho. Ni polepole, na watoto wa kwaya wanalalamika. Wengine waliniambia kwamba zamani walikuwa hawajawahi kumtazama usoni jirani wa benchi.

Mjane alirudi Mezani miezi mitatu iliyopita. Hakuniambia kabla. Nilimwona tu kutoka mbele, amekaa benchi la nyuma, si pale alipozoea. Katikati yake na mama wa kijana alikuwa ameketi dada mmoja mgeni, ambaye hakujua habari yoyote. Mjane alipokea, akanywa, akampa mgeni. Mgeni akanywa, akampa mama wa kijana.

Hakunywa. Aliishika sahani kwa mikono miwili, na vikombe vikawa vinatikisika kiasi cha sisi wa mbele kusikia vioo. Mjane aliegemea mbele kidogo, akamtazama. Shemasi alikuwa amesimama mwisho wa benchi akingoja, na nikamwonyesha kwa mkono asiharakishe.

Baadaye mama yule aliirudisha sahani kwa shemasi, kikombe chake kikiwa kimejaa. Jumapili iliyofuata wawili hao waliketi benchi lile lile, na mgeni hakuwepo.